Namna ya Kuandika Wasifu wa Mwanamke Msanii Aliyesahauliwa

Shaaban Robert alimhoji Siti binti Saad mwenyewe kabla mwimbaji huyo hajafariki mwezi Julai 1950, na wasifu alioutunga ukachapishwa mwaka 1958. Asingefanya hivyo, mengi tunayoyajua leo kuhusu binti wa kijiji cha Fumba aliyetembeza vyungu mjini Unguja, kisha akawa miongoni mwa waimbaji wa mwanzo wa Afrika Mashariki kurekodi santuri, yangekwenda naye kaburini. Kwa hiyo, yeyote anayekusudia kuifanya kazi hii ya kuandika maisha ya wanawake wasanii namshauri aanze na wasanii walio hai, au na wale waliowaona na kuwasikia kwa masikio yao, na karatasi zifuate baadaye. Jalada linaweza kungoja kabatini mwaka mwingine. Bibi wa miaka tisini hangoji.

Kabla hujajifunga na jina moja kwa miaka kadhaa, pima una nini mkononi. Unahitaji sauti yake mwenyewe, yaani utenzi, wimbo, barua au mahojiano. Unahitaji maandishi ya watu wengine waliomtaja. Na ikiwezekana, unahitaji watu wanaomkumbuka. Kwa Mwana Kupona binti Msham wa Siyu hakuna tena anayemkumbuka, lakini utendi aliomtungia bintiye unataja mwaka wa Hijria 1275, na hiyo ni hazina. Angalia hapa jinsi uangalifu mdogo unavyofaa: mwaka huo wa Hijria ulianza Agosti 1858 na kuendelea hadi katikati ya 1859, kwa hiyo mwandishi makini huandika miaka yote miwili hata kama vitabu vingi vimezoea kutaja mmoja. Ugumu wake uko upande mwingine. Mumewe, Bwana Mataka, aliyepambana na Seyyid Said, sultani wa Oman na Zanzibar, anajulikana kuliko yeye, na mwandishi asipojihadhari atajikuta ameandika sura nzima za vita vya Siyu huku mwenye wasifu akiwa amekaa nje ya mlango. Kila aya isiyomhusu yeye iulizwe imefuata nini humo.

Jambo la pili ni majina, na wengi hulidharau. Siti alizaliwa akiitwa Mtumwa, na jina tunalomjua nalo alilipata baadaye. Bi Kidude, mwimbaji wa Unguja, ni Fatuma binti Baraka. Mwanamke mmoja anaweza kuonekana kwa jina la utotoni katika kumbukumbu za familia, kwa jina la baba katika jalada la mahakama, kwa jina la mtoto wake mtaani, na kwa jina la jukwaani kwenye lebo ya santuri. Tengeneza orodha ya majina yote na tahajia zake zote, pamoja na zile za makarani wa kikoloni walioandika walivyosikia, na uende nayo popote utakapotafuta: katika nyumba ya nyaraka ya Zanzibar iliyoko Kilimani, katika hazina ya miswada ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kwa miswada mingi ya Kiswahili iliyohifadhiwa katika chuo cha SOAS, London.

Santuri nayo isomwe kama waraka. Siti na wenzake walisafiri kwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi kwa kampuni ya Gramophone, yenye lebo ya His Master's Voice. Chukua sahani yenyewe ukiipata, uitazame kwenye mwanga: mbali na maandishi ya lebo, karibu na katikati huwa kuna namba iliyochongwa, na kwa kulinganisha namba hizo unaweza kujua wimbo upi ulirekodiwa kabla ya upi. Kumbuka pia kwamba upande mmoja wa santuri za zamani ulichukua kama dakika tatu tu. Wimbo uliowakesha watu ukumbini ulilazimika kukatwa ili uingie humo, na kwa sababu hiyo beti zilizomo kwenye santuri si lazima ziwe wimbo wote. Waulize wazee beti zilizoachwa. Ulizia vilevile nani alitunga, maana Siti aliimba pamoja na kina Subeti Ambari, Buda Swedi, Mbaruk Talsam na Maalim Shaaban, na ni kosa kumpa yeye kila neno kama ilivyo kosa kubwa zaidi kuwapa wanaume kila neno.

Wimbo wa Siti uitwao Kijiti unaonyesha kwa nini kazi hii inastahili jasho. Unasimulia mauaji ya mwanamke mgeni aliyetoka Dar es Salaam, muuaji kutoroka, na wanawake waliokuja kutoa ushahidi kugeuziwa kesi wao. Mwandishi wa wasifu hapaswi kuutumia kama pambo la sura. Autafutie jalada la kesi, aweke maneno ya hakimu kando ya maneno ya mwimbaji, na amwachie msomaji aone mji uliisikiaje hukumu ile. Naamini hapo ndipo ukubwa wa Siti ulipo kuliko katika safari ya Bombay inayotajwa kila mara.

Sasa mahojiano. Usiende mikono mitupu. Sukari na majani ya chai vinatosha, na umtangulize mtu wa nyumba hiyo akutambulishe. Baada ya shikamoo na habari za wajukuu, usiulize alizaliwa mwaka gani, kwa sababu swali hilo humfanya mzee ajione yuko mbele ya karani. Uliza alikuwa na umri gani wakati wa mgomo wa wafanyakazi wa mwaka 1948 Unguja, au kama alikwisha kuolewa Mapinduzi yalipotokea. Kisha anza kuimba ubeti wa wimbo unaoutafiti. Mara nyingi bibi atakukatiza, akusahihishe neno, aendelee mwenyewe, na katikati ya ubeti atakumbuka nani alikuwa amekaa wapi, amevaa kanga ya jina gani, na mke mwenza wa nani alitupiwa fumbo. Kinasa sauti kiwe wazi mezani na awe ameridhia. Rudi tena siku nyingine umsomee ulichoandika. Yako mambo ya unyago na ya vyama vya taarabu vya wanawake ambayo mwanamume hataelezwa. Mtafiti mwanamume ashirikiane na mwenzake mwanamke, na jina la mwenzake huyo liwe kwenye jalada la kitabu.

Kuhusu asili, nenda kwa heshima. Wasanii wetu kadhaa walitoka katika koo zilizoonja utumwa, na wajukuu wengine hawapendi lisemwe. Lizungumzeni kabla ya kuchapa, sikiliza hofu yao, ficha majina ya walio hai. Lakini usiufute ukweli wa marehemu, kwa kuwa bila huo ushujaa wake hauonekani. Shaaban Robert alijaza nasaha na sifa katika wasifu wake, kama ilivyokuwa desturi yake, na nampenda kwa hilo. Mwandishi wa leo apunguze sifa, aache ubishi, madeni na ndoa zilizovunjika zikae mahali pake.

Kipato ni kidogo, na niseme hivyo waziwazi kwa kijana anayefikiria kuacha kazi. Wengi wanaodumu ni walimu, wahariri, wafasiri au watangazaji wanaoandika wasifu usiku na likizoni. Anza na taazia na makala za magazeti, kisha kipindi cha redio, ili familia nyingine zikutafute zenyewe zikiwa na picha na barua. Kibali cha utafiti kiombwe mapema, kwa tume za sayansi na teknolojia, yaani COSTECH kwa Tanzania Bara au NACOSTI kwa Kenya, na ruhusa ya kuchapa nyimbo na picha ipatikane kwa maandishi kabla mswada haujafika kwa mchapishaji. Kila rekodi uliyonasa itengenezewe nakala mbili, moja ya familia, nyingine ya nyumba ya nyaraka iliyo karibu, zikiwa na jina la msemaji, tarehe na mahali.