Kufunga Dishi na Kuunganisha King'amuzi cha Setilaiti

Kabla ya kupanda juu ya paa, ni lazima ujue setilaiti unayoitafuta iko upande gani wa anga. Setilaiti za televisheni ziko juu ya ikweta, umbali wa kilomita 35,786 hivi, na kwa kuwa zinazunguka kwa mwendo ule ule wa dunia, sisi huziona kama zimesimama mahali pamoja. Kwa mtu aliye Dar es Salaam, setilaiti za digrii 7 mashariki, zinazotumiwa na king'amuzi cha Azam, ziko upande wa magharibi, zimeegemea kaskazini kidogo (takriban digrii 281 kwenye dira), na kimo chake ni kama digrii 52 kutoka upeo wa macho. Zile za digrii 36 mashariki, zinazobeba matangazo ya DStv, ziko karibu na utosi, kwenye kimo cha digrii 81 hivi. Ndiyo maana katika nyumba mbili jirani dishi moja hutazama machweo na jingine limeegemea nyuma likitazama juu zaidi, na hakuna fundi aliyekosea.

Chagua mahali ambapo upande huo hauna ukuta wala mti. Niliwahi kufunga dishi nyuma ya mwembe uliokuwa umepogolewa, likashika vizuri kabisa. Miezi michache baadaye matawi yalichipua na picha ikaanza kukatika kila upepo ulipovuma. Nguzo isimame wima kwa kupimwa na timazi au pimamaji, kwa sababu ikiinama, kila unapozungusha dishi kushoto au kulia, kimo nacho hubadilika na utatafuta hadi jioni. Dira ya simu nayo isomwe mbali kidogo na mabati na nguzo ya chuma, kwani chuma huipotosha.

Sehemu inayoharibu kazi nyingi kuliko zote ni ncha ya waya. Tumia waya wa dishi wa omu 75, aina ya RG-6. Menya ganda la nje, kunja nyuzi za wavu nyuma, kisha kata plastiki nyeupe ili shaba ya katikati itokeze milimita chache mbele ya konekta. Itazame kwenye mwanga: uzi mmoja tu wa wavu, mwembamba kama unywele, ukiigusa ile shaba, umeme unaokwenda kwenye LNB, kile kifaa kidogo mbele ya dishi kinachopokea mawimbi, utapiga shoti na king'amuzi hakitaona chochote. King'amuzi kizimwe kabisa wakati wa kuunganisha. Upande wa LNB, funika konekta kwa utepe wa mpira na uache waya uning'inie kidogo chini yake, ili maji ya mvua yadondoke badala ya kufuata waya hadi ndani.

Ndani ya nyumba, waya wa dishi huingia kwenye tundu la LNB nyuma ya king'amuzi, na king'amuzi huunganishwa na televisheni kwa waya wa HDMI, au kwa zile pini tatu, njano ya picha na nyekundu na nyeupe za sauti, ikiwa televisheni ni ya zamani. Washa, kisha fungua menyu ya ufungaji. Kwa LNB ya kawaida ya Ku, yaani mkanda wa masafa unaotumiwa na madishi madogo ya nyumbani, weka aina ya "Universal", yaani megahezi 9750 na 10600, na toni ya kilohezi 22, ishara ambayo king'amuzi huituma kwa LNB ili ibadilishe kati ya masafa hayo mawili, iachwe ijiendeshe yenyewe. Masafa ya kutafutia huwa yamo tayari katika ving'amuzi vya kulipia.

Hapo utaona mistari miwili, wa nguvu na wa ubora, na wengi hudanganywa na ule wa kwanza. Nguvu inaweza kuonyesha asilimia 60 hata dishi likiwa linatazama anga tupu, kwa sababu LNB yenyewe hutoa kelele ambazo king'amuzi huzihesabu. Ubora ndio unaothibitisha kwamba umeipata setilaiti, na setilaiti yenyewe uliyoitaka. Weka kimo kwanza, kisha zungusha dishi polepole, kiasi cha unene wa kidole, usubiri sekunde tatu au nne kabla ya kusogeza tena, maana king'amuzi kinahitaji muda wa kushika. Kumbuka pia kwamba dishi dogo lenye mkono wa chini hutazama juu kwa digrii 20 na zaidi kuliko uso wake unavyoonyesha. Badala ya kupigiana kelele za "imefika ngapi?" kutoka juu ya paa, mimi hupendelea kutoa televisheni ndogo nje, karibu na dishi.

Ubora ukipanda, geuza LNB ndani ya kishikio chake. Mafundi wengi huiruka hatua hii, lakini kwa setilaiti ya digrii 7 ukiwa Dar es Salaam, LNB hulazimika kugeuzwa zaidi ya digrii 70 kutoka ilivyokaa kiwandani, na bila hivyo baadhi ya chaneli hazitapatikana kamwe. Kisha kaza nati kwa zamu, huku mwenzako akiangalia ubora, kwa sababu kukaza kwenyewe husogeza dishi. Mwisho tafuta chaneli, na ikiwa kifurushi ni cha kulipia, sajili namba ya king'amuzi au ya kadi na ukiache kikiwa kimewashwa kwenye chaneli mojawapo hadi kifunguliwe.

Mvua kubwa itakata picha kwa dakika kadhaa. Hilo ni kawaida ya masafa ya Ku, kwa hiyo usipande kugusa dishi hadi anga iwe nyeupe.