Jinsi ya Kuchagua na Kuomba Viza ya Muda: Mwongozo kwa Wasafiri wa Mtwara na Lindi

Viza ya muda huchaguliwa kwa kutazama shughuli inayompeleka msafiri katika nchi ya watu, wala si kwa kutazama bei yake au wepesi wa kuipata. Kabla hujafungua fomu yoyote, andika kwenye karatasi unakwenda wapi, kufanya nini, kwa siku ngapi na nani analipa. Majibu hayo ndiyo yatakayokuonyesha aina ya viza inayokufaa, na kila hati utakayoambatanisha baadaye haina budi kukubaliana nayo.

Hakikisha kwanza kwamba viza inahitajika. Mtanzania anayevuka Daraja la Umoja pale Mtambaswala kwenda kuwatembelea ndugu Msumbiji, anayekwenda Kenya au Uganda, au anayezuru Afrika Kusini kwa muda usiozidi siku 90, hahitaji kuomba viza kabla ya safari. Hata hivyo, msamaha huo ni wa matembezi, hauruhusu kuajiriwa.

Pasipoti huombwa Idara ya Uhamiaji, ambayo ina ofisi Mtwara na Lindi, na ada ya pasipoti ya kawaida ni shilingi 150,000. Kagua kwamba jina lako limeandikwa kwa namna moja katika cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha NIDA, maana tofauti ya Saidi na Said, ambayo nyumbani hakuna anayeijali, inaweza kusimamisha maombi yako. Kama pasipoti unayo tayari, tazama tarehe ya mwisho, kwa kuwa nchi nyingi hutaka iwe na uhai wa miezi sita na kurasa mbili tupu.

Sasa uje kwenye aina yenyewe. Kwa India, ambako wagonjwa wengi wa Tanzania hupelekwa, aliyepanga tangu nyumbani kwenda kutibiwa huomba viza ya tiba, ambayo kwa njia ya mtandao humpa siku 60 na ruhusa ya kuingia mara tatu; ataambatanisha barua ya hospitali ya India itakayompokea. Wanaomsindikiza, wasiozidi wawili, wana viza yao ya wasindikizaji inayofungamana na ya mgonjwa, kwa hiyo si sahihi mama aombe viza ya tiba na mwanawe anayemuuguza aombe ya utalii. China hutumia herufi: L ni ya utalii, M ni ya biashara na huambatana na mwaliko wa mshirika wa kibiashara aliyeko huko, X2 ni ya masomo yasiyozidi siku 180, na X1 ni ya masomo marefu zaidi, ambayo mwenye nayo hulazimika kuomba kibali cha ukaazi ndani ya siku 30 baada ya kuingia.

Kwa Saudi Arabia, viza ya Umra au ya matembezi haimruhusu mtu kuhiji. Hija ina viza yake pekee. Nalisisitiza hili kwa sababu fedha ya Hija mara nyingi ni akiba ya miaka mingi ya mzee wa watu, na anayemwambia kwamba viza yoyote itamfikisha Arafa anamdhulumu.

Nchi 29 za eneo la Schengen barani Ulaya hutoa viza moja ya muda mfupi inayotumika katika zote, isiyozidi siku 90 katika kila siku 180. Peleka maombi katika ubalozi wa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Siku zikilingana, katika ule wa nchi utakayoingia kwanza. Ada ni yuro 90 kwa mtu mzima, na bima ya safari iwe ya yuro 30,000 au zaidi. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita hadi siku 15 kabla ya safari, na uamuzi, ambao kwa kawaida hutoka ndani ya siku 15, unaweza kufika siku 45.

Jambo linalowakwamisha watu wa Kusini kuliko yote ni uthibitisho wa kipato. Mkulima wa korosho hulipwa kupitia AMCOS yake, yaani chama cha msingi cha ushirika wa mazao, baada ya minada ya msimu, ambayo huanza kwenye Oktoba, hivyo taarifa yake ya benki huonyesha fedha nyingi kwa miezi michache, kisha kimya kirefu. Afisa asiyeujua msimu anaweza kudhani fedha hizo ni za kuazima, zilizowekwa ili kuipamba akaunti. Andika barua ya ukurasa mmoja ukieleza msimu unavyokwenda, ambatanisha stakabadhi za mauzo na barua ya AMCOS au ya mtendaji wa kijiji inayolitaja shamba lako, na uombe taarifa ya benki ya miezi 12 ili mavuno yaonekane yote. Shamba hilo pia ni ushahidi mzuri kwamba una sababu ya kurudi. Usiongeze fedha ya mtu mwingine.

Maombi mengi hukamilishwa Dar es Salaam, na alama za vidole hakuna wa kukutolea. Zile za Schengen zilizochukuliwa ndani ya miezi 59 iliyopita huweza kutumika tena, basi uliza kabla ya kukata tiketi ya basi. Wakati wa masika ongeza siku za akiba. Mwaka 2024 barabara ya Lindi hadi Dar es Salaam ilikatika eneo la Somanga.

Viza ikitoka, isome kabla hujaondoka Dar es Salaam: jina, namba ya pasipoti, idadi ya kuingia, na idadi ya siku za kukaa, ambazo huwa chache kuliko zilizoko kati ya tarehe ya kwanza na ya mwisho. Ukiona kosa, lirudishe dirishani siku hiyohiyo.