Navigesheni ya gari haishiki setilaiti? Usikimbilie kufungua deshibodi

Navigesheni ninayoisema hapa ni ile ya gari lenyewe, iliyomo kwenye skrini ya redio pale katikati, sio simu uliyoibandika kwenye kioo. Huku kwetu Mtwara na Lindi magari mengi yametoka Japani yakiwa yashatumika na skrini yamekuja nayo, wengine wameing'oa wakaweka redio ya Android, na zote zinaumwa ugonjwa huu huu: asubuhi unawasha gari unakuta alama ya setilaiti haipo, mshale umeganda pale ulipopaki jana, unaenda zako sokoni wenyewe bado umelala nyumbani.

Kabla hujaita fundi jua kwanza unaumwa nini, maana watu wengi wanatibu antena wakati tatizo ni ramani. Kama redio ni ya Kijapani na ramani yake ni ya Japani tupu, hata setilaiti zote zije zikae juu ya paa lako utaonekana uko kwenye eneo tupu lisilo na barabara, au mshale unagoma kabisa kutoka Japani. Hapo antena mpya haikusaidii kitu, ni kubadilisha redio au kutumia simu basi.

Utajuaje sasa kama setilaiti inashika ila ramani ndo haipo? Angalia saa. Redio nyingi za Kijapani zinachukua saa kutoka setilaiti zenyewe alafu zinaiweka kwa saa za Japani, na Japani wako mbele yetu masaa 6, kwaiyo simu yako ikiandika 8:10 asubuhi redio inaandika 2:10, yaani saa mbili na dakika kumi, Kiswahili kabisa! Mimi nlikaa muda naamini aliyekuwa na gari kabla yangu ndo aliiseti hivyo makusudi, kumbe jiografia tu. Dakika zikilingana na za simu, ujue redio imewahi kuongea na setilaiti siku za karibuni, kesi ni ya ramani. Saa ikiwa imepotea hovyo au ina vistari tupu basi mawimbi hayafiki. Tarehe usiihangaikie sana, kwanza ikifika saa 12 jioni ya huku kule kwao ni kesho tayari, alafu kuna redio za zamani zinarudisha tarehe nyuma miaka 19 na miezi kama 7, hiyo inatokana na GPS (ndo mfumo wa hizo setilaiti) kuhesabu wiki 1024 ikimaliza inaanza sifuri, mara ya mwisho ilikuwa Aprili 2019. Dawa yake ni programu mpya ya redio, hakuna waya wa kurekebisha hapo.

Haya, tuseme mawimbi ndo hayafiki. Kwanza toka chini ya mti. Nipo serious, mkorosho ukiwa umefunga majani na mvua imenyesha unakula mawimbi vizuri tu, na gereji ya bati ndo kabisa. Setilaiti za GPS ziko juu kama kilomita 20,200, mawimbi yakifika chini ni hafifu mno, na redio inahitaji kuziona angalau nne kwa pamoja ndo ijue vizuri ilipo. Peleka gari sehemu ya wazi, pale ufukweni Shangani panafaa, washa, simama usitembee, subiri dakika 15 kamili. Watu wanasubiri dakika mbili wanakata tamaa, wakati redio iliyokaa muda mrefu bila umeme (gari limekaa melini, limekaa bandarini, au betri ilitolewa) inaweza kuhitaji kushusha orodha nzima ya setilaiti upya, na orodha hiyo inarushwa kwa dakika 12 na nusu. Simu yako inashika haraka kwasababu inasaidiwa na data ya mtandao, usiilinganishe na redio ya 2008.

Kuhusu betri: usichomoe betri ati "kuiriseti" navigesheni. Baadhi ya redio za Kijapani zikikosa umeme zinajifunga zinadai namba ya siri, na hiyo namba wewe huna na aliyekuuzia hana. Utaanza na tatizo la ramani umalize huna hata redio ya kusikiliza taarifa ya habari.

Ukiwa bado hapo pa wazi chomoa kila kitu ulichoongeza wewe. Chaja ya simu ya bei rahisi, kamera ya kwenye kioo, taa za ledi, kifaa cha kufuatilia gari, vyote hivyo vinaweza kumwaga kelele za umeme zikameza mawimbi ya setilaiti, na kamera za kwenye kioo ndo wakorofi wakubwa. Toa vyote, subiri, ikishika anza kurudisha kimoja kimoja mpaka umpate mchawi. Alafu jiulize, umebandika tinti mpya kioo cha mbele? Tinti zenye chembe za chuma zinaziba mawimbi na hiyo haina dawa zaidi ya kubandua au kuhamishia antena sehemu nyingine.

Kama hivyo vyote viko safi ndo tunaingia kwenye antena, na hapa nina kisa changu. Gari langu lina kadi ya ramani ya huku kwetu, inafanya kazi vizuri miaka yote. Likaenda kwa fundi AC, deshibodi ikashushwa, ikarudishwa, AC ikawa baridi mpaka raha. Wiki iliyofuata naenda Masasi, nimepita Mnazi Mmoja, mshale unatembea na mimi vizuri, sina wasiwasi, nafika Nyangao naona mshale uko porini pembeni ya barabara unakata mashamba ya watu. Kumbe setilaiti zilishapotea toka Mtwara! Navigesheni za kiwandani zina kifaa cha kuhisi kona na zinasoma waya wa spidi, kwaiyo mawimbi yakikata zinakisia: matairi yamezunguka kiasi hiki, gari limekata kulia kiasi hiki, basi tutakuwa hapa. Zinakisia vizuri ila kosa linaongezeka kila kilomita, ndo maana mwenye gari unachelewa kugundua.

Ukitaka kulijua hilo bila kwenda Masasi panda pantoni ya Msangamkuu. Kwenye pantoni gari linasogea ila matairi hayazunguki, kwaiyo kama setilaiti zipo mshale utavuka maji na wewe, kama hazipo utabaki kule ulikopandia umesimama kama mtu aliyekosa nauli. Kinyume chake pia kipo: setilaiti zinashika ila mshale unarukaruka au unachelewa kwenye kona, hapo mshuku waya wa spidi, hasa kama redio iliwahi kutolewa, au matairi yamebadilishwa saizi. Redio nyingi zina sehemu kwenye seting ya kufuta ilichojifunza kuhusu matairi ili ianze upya.

Nikamrudia fundi, akasema "bosi mimi redio yako sikuigusa", na kweli hakuigusa. Alichogusa ni antena. Ni kidude cha mraba, kidogo kama kiberiti, cheusi, kina waya mwembamba, na kwenye gari langu kinakaa chini ya deshibodi karibu na kioo cha mbele. Tulivyofungua tukakikuta kimegeuka, tumbo juu mgongo chini, alafu kimelaliwa na bomba la chuma. Kile kidude lazima uso wake uangalie mbinguni, sumaku iwe chini. Chuma chini yake hakina shida, kinasaidia hata, shida ni chuma juu yake. Plastiki ya deshibodi mawimbi yanapita bila tabu.

Ukishaiweka vizuri na bado, fuata waya mpaka nyuma ya redio. Za kiwandani wakati mwingine plagi ya GPS ni ya bluu, za Android ni kaskrubu ka rangi ya dhahabu unakakaza kwa vidole. Chomoa uangalie ndani. Sisi wa pwani chumvi inatumaliza, gari linalolala Mikindani karibu na maji utakuta kijani kwenye shaba, pulizia spirei ya kusafishia kontakti, acha ikauke, rudisha. Msitumie petroli jamani, inakula plastiki. Alafu chukua mita ya kupimia umeme, weka volti za DC, redio ikiwa imewashwa pima kwenye tundu la redio kati ya pini ya katikati na ganda la pembeni, antena hizi zinakula umeme kupitia waya huo huo kwaiyo utegemee volti 3 hadi 5. Taratibu na ncha ya mita usigusishe pini na ganda, utapiga shoti. Volti zipo, antena imekufa au waya umekatika ndani. Volti hazipo, redio ndo mgonjwa, na hapo antena mpya ni kutupa hela. Njia ya kivivu na mimi ndo naipenda: azima antena ya jamaa yenye plagi kama yako, chomeka, iweke juu ya deshibodi tu, subiri dakika 15.

Na fundi asirudishe kava kabla hujajaribu. Mimi nlitoka na deshibodi ikiwa wazi, nyaya zinaning'inia magotini, nikaenda mpaka Mikindani nikageuza, mshale ukageuza na mimi pale pale, ndo nikamwambia haya sasa kaza skrubu zako.