Namna ya kumpa mtoto melatonini kwa usalama

Melatonini ni homoni inayotolewa na tezi ya pineali, ndani ya ubongo, giza linapoingia, ili kuuarifu mwili kwamba usiku umefika. Haimzimishi mtoto kama zifanyavyo dawa za usingizi, na kwa hiyo saa ya kumpa ina uzito kuliko wingi wa dawa, jambo ambalo wazazi wengi hawaambiwi, wakaishia kuongeza kipimo kila usiku.

Kabla ya kununua chochote, weka daftari kando ya kitanda kwa wiki mbili. Andika saa mtoto alipolazwa, saa alipopata usingizi, mara alizoamka usiku na saa alipoamka asubuhi. Ukurasa unaosomeka “kalazwa saa 2:00, kasinzia saa 4:15, kaamshwa saa 12:30 akilia” unaonyesha mtoto anayechelewa kupata usingizi, na huyo ndiye melatonini humfaa zaidi. Anayekoroma na kukatika pumzi, au anayejikuna usiku kucha, atibiwe kwanza kile kinachomwamsha.

Mpelekee daktari wa watoto daftari hilo, hasa ikiwa mtoto hajatimiza miaka 3, na umtajie kila dawa anayotumia. Dawa za kifafa na za kuzuia damu kuganda zinahitaji tahadhari, na fluvoksamini, dawa ya sonona, hupandisha sana kiwango cha melatonini mwilini. Faida yake imethibitika vizuri zaidi kwa watoto wenye usonji: mwaka 2018 Umoja wa Ulaya uliidhinisha vidonge vinavyoyeyuka polepole kwa watoto hao, wa miaka 2 hadi 18, pale ambapo kurekebisha mazoea ya kulala hakukutosha.

Daktari akikubali, kwa kawaida huanza na miligramu 0.5 hadi 1, dakika 30 hadi 60 kabla ya kulala. Kaa na kipimo hicho kwa siku kadhaa kabla ya kumuuliza kama kiongezwe; watoto wengi wanaonufaika hawahitaji zaidi ya miligramu 3 hadi 6. Ukishampa, punguza taa, ondoa simu na televisheni, na umsomee hadithi kwa sauti ya chini, kwa maana mwanga wa skrini huizuia tezi ile ile unayojaribu kuisaidia. Kumpa dawa na kumwachia simu mkononi ni kutwanga maji kwenye kinu.

Chagua bidhaa kwa makini. Nchini Uingereza hutolewa kwa cheti cha daktari, lakini Marekani huuzwa kama kirutubisho cha kawaida, na utafiti uliochapishwa huko mwaka 2023 uliopima aina 25 za peremende za melatonini ulikuta 22 zikiwa na kiasi tofauti na kilichoandikwa kwenye lebo.

Asubuhi mtazame: usingizi uliozidi, maumivu ya kichwa, ndoto za kutisha au kukojoa kitandani ni dalili za kumjulisha daktari. Baada ya wiki chache za kulala vizuri, mwombe daktari mjaribu kuipunguza, kwa kuwa tafiti za matumizi ya miaka mingi kwa watoto bado ni chache. Ifungie kabatini, na mbele ya mtoto iite dawa, kamwe usiiite pipi.