Pendulamu ya mikono miwili: kuitengeneza, na kuiachia

Pendulamu ya kawaida, yaani kitu kinachoning'inia na kubembea, ukiitazama dakika moja umeimaliza. Ipachike nyingine kwenye ncha yake, inaanza visa: inapinduka, inasita juu, inageukia upande usioutarajia. Humo hamna bahati nasibu, ni kanuni zilezile za Newton tunazofundishwa sekondari. Kuijenga ni kazi ya mchana mmoja. Utundu uko kwenye kuiachia.

1. Vifaa

Tafuta beringi mbili namba 608 (tundu milimita 8, kipenyo cha nje 22). Chukua zenye vifuniko vya bati, zilizoandikwa ZZ. Za mpira zinazuia vumbi vizuri zaidi, na vumbi la Dodoma tunalijua, ila mpira unakaba mzunguko. Ongeza bolti mbili za milimita 8, zile za spana 13: moja ya sentimita 10, nyingine ya 5. Nati za kawaida, nati mbili zenye plastiki ndani, na washa ndogo. Mabaki ya mninga utayapata kwa seremala; mwambie arande hadi milimita 7, sawa na unene wa beringi, upana sentimita 4.

2. Mikono

Mkono wa juu uwe sentimita 24, na matundu mawili ya milimita 22 yaliyoachana sentimita 20, kati kwa kati. Wa chini sentimita 19, tundu moja la milimita 8, sentimita 2 kutoka ncha. Usishawishike kuurefusha: ukizidi umbali ule wa sentimita 20, utagonga bolti ya juu kila unapopinduka.

Beringi ziingize kwa kuzibana taratibu kwenye jiliwa. Nyundo inaziua.

3. Grisi

Beringi mpya huja na grisi nzito. Zioshe kwa mafuta ya taa kabla ya kuzipachika, zikauke, kisha tone moja la mafuta ya cherehani. Izungushe kwa kidole. Ikisimama papo hapo, rudia.

4. Kuunganisha

Bolti fupi ipite nyuma ya mkono wa juu: washa, beringi, nati. Kaza. Kisha mkono wa chini, halafu nati ya plastiki. Washa iguse pete ya ndani peke yake. Ukiweka washa pana italalia pete ya nje na mbao, na mkono utazunguka kama mlango wenye kutu. Bolti ndefu ipite kwenye nguzo iliyosimama juu ya kitako, sentimita 45 juu ya meza, na uache nafasi ya sentimita 1.5 kati ya nguzo na mkono ili kichwa cha bolti fupi kipite.

Kitako kibane mezani kwa klampu. Kikitikisika kinakula nguvu ya mwendo.

5. Kuiachia

Mkono wako hauwezi kuachia mara mbili kwa namna moja, kwa hiyo usiutumie. Funga uzi kwenye ncha ya chini, uvute hadi kwenye msumari ulio juu ya nguzo, upande mmoja. Funga madirisha, zima feni, subiri itulie kabisa. Uchome uzi kwa kiberiti.

Paka ncha tipeksi na urekodi kwa simu, kwa mwendo wa polepole. Rudia kwa uzi wa urefu uleule. Weka video mbili sambamba: mwanzoni zinakwenda pamoja, kisha tofauti ndogo ya kuanzia, hata ya unywele, inakua hadi hazifanani tena. Mwaka 1961 Edward Lorenz, mtaalamu wa hali ya hewa huko Marekani, aliingiza 0.506 kwenye kompyuta badala ya 0.506127, na hali ya hewa aliyokuwa akiikokotoa ikaishia kwingine kabisa. Ndiyo maana utabiri wa mvua ya kesho na wa mvua ya wiki tatu zijazo haviaminiki sawasawa.

Video zako zikifanana hadi mwisho, uliachia chini mno. Pembe ndogo huleta mwendo mtulivu, unaotabirika. Pandisha msumari mpaka mikono yote miwili ianzie juu ya usawa wa bolti ya nguzo, uchome tena.