Kutambua vipande vya vitabu vya ibada vya Kilatini kwenye majalada ya zamani

Mageuzi ya kidini ya karne ya 16 yaliviacha vitabu vingi vya ibada vya Kilatini bila kazi, lakini ngozi ya mnyama iliyotumika kama kurasa zake ilikuwa bado imara. Uswidi na Ufini, zikiwa ufalme mmoja, watumishi wa mfalme waliikata ngozi hiyo na kufungia vitabu vya hesabu za kodi. Maelfu ya kurasa hizo yamehifadhiwa Stockholm na Helsinki.

Ukikuta kipande, usikibandue. Mahali kilipo ndipo penye ushahidi wa nani alikitumia na lini. Mwaka ulioandikwa juu ya jalada ni wa hesabu, si wa maandishi ya Kilatini. Usitie maji, maana ngozi hujikunja na wino huweza kuchuja. Shika kwa mikono misafi, mikavu.

Piga picha pamoja na rula: moja kwa mwanga wa kawaida, nyingine kwa mwanga wa ubavuni unaoonyesha mistari iliyokwaruzwa. Wino uliofifia husomeka vizuri zaidi kwa mwanga wa urujuanimno wa nanomita 365. Dawa za kufufua wino, zilizopendwa karne ya 19, zimeacha kurasa nyingi nyeusi zisizosomeka tena. Kama ngozi ilishang'olewa, kagua ubao wa jalada: wino huweza kubaki pale kinyumenyume, nawe ukaigeuza picha na kusoma.

Pima kwa milimita ukurasa na eneo la maandishi, kisha hesabu safu na mistari. Palipokatwa, andika kilichobaki, usikisie kilichopotea.

Sasa aina ya kitabu, na hapa usiwe na haraka. Katika misale (kitabu cha Misa) na breviari (kitabu cha Masifu, yaani sala za saa za siku), maneno ya kuimbwa huandikwa kwa herufi ndogo kuliko sala na masomo, hata pasipo noti za muziki. Kitabu chenye nyimbo na noti tu, bila sala wala masomo, kikiwa cha Misa ni graduale. Kikiwa cha Masifu ni antifonari. Chukua Dominika ya kwanza ya Majilio: *Ad te levavi* ni wimbo wa mwanzo wa Misa, ilhali *Aspiciens a longe* ni kiitikizano cha sala ya usiku. Herufi *evovae* baada ya antifona (kiitikio cha zaburi) ni irabu za *seculorum amen*, nazo mara nyingi huelekeza kwenye Masifu.

Mtego mkubwa ni Injili. *In illo tempore* (“wakati ule”), maneno yanayoianza, humfanya msomaji aseme misale mara moja. Endelea kusoma: Injili ikikatizwa kwa *et reliqua* (“na mengineyo”) na kufuatiwa na homilia, yaani mahubiri ya kuifafanua, hiyo ni breviari.

Kwa tarehe, tazama mstari wa juu kabisa. Maandishi yanayoanza juu ya mstari wa kwanza uliochorwa mara nyingi ni ya kabla ya katikati ya karne ya 13. Sikukuu ya Mwili wa Kristo ikiwa kwa mkono wa mwandishi yuleyule, kitabu kwa kawaida ni cha baada ya 1264. Ikiwa pambizoni kwa mkono mwingine, haithibitishi kitu.

Tafuta maneno ya mwanzo ya kila wimbo kwenye Cantus, hifadhidata ya nyimbo za ibada za Kilatini, na picha za kulinganisha kwenye Fragmentarium, tovuti ya vipande vya hati za kale. Kisha fungua vitabu vya hesabu vya wilaya hiyohiyo vya miaka ya karibu. Kurasa za kitabu kimoja mara nyingi zilitumiwa mfululizo, na ukurasa wa pili wenye vipimo vilevile huweza kukupa sikukuu iliyokosekana kwenye wa kwanza.