Kushona mfuko wa kamba wa kufungashia nguo za safari fupi

Fua kwanza kitambaa cha pamba, kwani kikija kurudi (kusinyaa) baada ya kushonwa, mfuko utapinda. Kata sentimita 34 kwa 80, ukunje urefu wa 80 katikati, nyuso za nje zitazamane.

Weka alama ya chaki sentimita 8 kutoka juu, pande zote mbili. Shona kutoka chini hadi kwenye alama, mshono wa sentimita 1, na hapo rudisha cherehani mara tatu: kamba ikivutwa, pa kwanza kufumuka ni hapo. Panua mishono kwa pasi, shonea kingo za mpasuo ulioachwa juu ya alama. Kunja juu sentimita 1, kisha 3.5, ushone.

Kamba ni mbili, sentimita 90 kila moja. Ya kwanza izunguke ndani ya mkunjo wa juu, itokee ilikoingilia. Ya pili ianzie upande wa pili.